Matambara ya Gauni la Bluu

Jumatatu, 20 Novemba

Leo Igalula imepata mvua ya kwanza ya maana, na mama mkubwa Getruda ameteremka kwenye treni na mizigo mitatu. Mtu anayekuja kukaa na wafiwa hahitaji mizigo mitatu. Wala haji na shuka jipya la kitanda ambalo bado limo ndani ya nailoni yake.

Naandika nyuma ya daftari langu la vipimo. Mbele ni viuno na mabega ya wateja. Huku nyuma nitaweka yale nisiyoweza kumwambia huyu mwanamke usoni, maana ni dada wa tumbo moja wa marehemu mama, na mimi nimelelewa kusema shikamoo.

Nimesema shikamoo. Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Marahaba, Levina. Umekonda. Sasa mgonjwa ulikuwa unampa nini, kama mwenyewe uko hivi?"

Mama nimemuuguza mimi. Nimemgeuza, nimemwogesha, nimemsagia karanga za uji. Huyu alikuja kutoka Nzega mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati wa mavuno. Alirudi na gunia.

Jumatano, 22 Novemba

Mvua. Mkanda wa cherehani umelegea kwa unyevu. Sikushona kitu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nilijua mizigo mitatu ina maneno. Leo tukiwa tunakula ugali na mlenda akauliza, bila hata kuinua macho, "Lile gauni la bluu la mdogo wangu lipo?"

Nikasema lipo sandukuni.

"Na ufunguo?"

"Ninao mimi."

"Haya. Utunze."

Kwenye ukoo wetu nguo za marehemu hukaa sandukuni mpaka siku ya kuondoa msiba. Mjomba Mathias, mdogo wao wa kiume, amesema tutaondoa mwezi wa nne mvua zikipungua, ndugu wa mbali wapate kusafiri. Siku hiyo nguo zinatandazwa mkekani, na ndugu mkubwa wa tumbo moja anachagua wa kwanza, nguo moja, yoyote aipendayo. Wanafuata wengine kwa ukubwa wao. Watoto wa marehemu ni wa mwisho. Ila matambara hayagawiwi. Mjomba alilisema tena siku ya mazishi, maana anapenda kurudia sheria zake: "Kinachovaliwa au kumfunika mtu ni nguo. Kilichochanika ni tambara, na tambara ni la aliyeuguza."

Kwa hiyo mama mkubwa atachagua wa kwanza, na ameshachagua tayari.

Gauni lile ndilo nguo ya kwanza niliyoshona maishani. Nilikuwa msichana, najifunza. Mkono wa kulia ulikaa sawa, wa kushoto ukapinda, ukatazama nyuma. Nililia nikataka kuufumua. Mama akakataa. Akalivaa kanisani Jumapili ile na Jumapili nyingi baada ya hapo, na akiwa anasalimia watu alikuwa anainua mkono ule ule uliopinda ili wauone vizuri. "Kanishonea mwanangu," anasema, kabla mtu hajauliza.

Sitampa Getruda lile gauni. Bado sijui nitafanyaje, ila sitampa.

Jumamosi, 2 Desemba

Najiat, jirani yangu anayeuza vitumbua stesheni, kaleta jinzi kuukuu la mumewe, limeisha magotini. Nimekata miguu, nikashona chini, nikageuza mguu mmoja kuwa mkanda wa begani. Mfuko tayari. Mifuko ya nyuma ya suruali nimeiacha, humo atatia chenji.

Mama mkubwa alikaa varandani kwenye kiti cha mama akitazama kazi yote. Najiat alipoondoka akasema, "Huku kwenu watu wanatembea na suruali begani."

Nikasema wanatembea nazo na wanashukuru.

"Fundi wa kweli anashona kitambaa kipya."

Nilikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Jumapili, 3 Desemba

Amekoroga chai yangu akaionja kabla sijainywa, kuona kama nimezidisha sukari. Sukari niliyonunua mimi.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu alfajiri, kanisani tulifika na matope hadi kwenye magoti. Baada ya ibada mama mkubwa akasimama mlangoni akapokea pole zote yeye. Mimi nilishika miavuli.

Mdogo wangu Hilari amepiga simu kutoka Igunga, yuko kwenye lori. Nikamweleza habari ya gauni. "Dada, mpe tu yaishe. Si ni nguo tu?" Huyu ndiye mama alimnyonyesha hadi akaanza kutembea, na leo anasema ni nguo tu. Nikamtakia safari njema nikakata.

Jumatatu, 8 Januari

Dawa ya lile gauni amenipa kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa nakata fulana za mtumba zilizokufa, zile ambazo hata kwa bure hazivaliki. Unazikata mikanda myembamba, unasuka kama nywele, mkia unauzungusha kama konokono na kushona mzunguko kwa mzunguko. Unapata zulia la kufutia miguu. Abiria wa treni wanayapenda. Mama mkubwa akapita, akasukuma lundo kwa kidole cha mguu.

"Mwezi wa nne usije ukahangaika na nguo za mama yako," akasema. "Wewe matambara yanakutosha. Tena unayapenda."

Aliendelea na safari yake ya chooni. Mimi mkasi ulibaki hewani.

Kilichochanika ni tambara, na tambara ni la aliyeuguza.

Jumanne, 9 Januari

Nimefanya.

Asubuhi mama mkubwa alitoka na wanawake wa mtaa kwenda porini kutafuta uyoga. Nikafunga mlango, nikafungua sanduku. Harufu ya mama ikatoka yote kwa pamoja, sabuni ya mche na tumbaku ya kunusa aliyokuwa anamficha padri. Nilikaa chini kwanza.

Nilianza na zile nisizozipenda. Blauzi ya zambarau aliyopewa na kwaya. Sketi nyeusi ya misibani. Khanga nne, mbili zimepauka, mbili bado zina rangi. Vitenge. Koti la marehemu baba alilokuwa analivaa shambani wakati wa baridi. Kila mkasi ulipoingia nilisema moyoni, hii hupati, na hii hupati, na hii hupati. Sikuona huruma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia njaa.

Gauni la bluu lilibaki la mwisho. Nilikata kifua, nikakata mgongo, nikakata mkono wa kulia. Ule wa kushoto niliutoa mzima begani, nikautazama ulivyopinda, nikautupia kwenye kiroba cha vipunguo, vile visivyofaa kushonwa. Kipande kilichopinda hakikai na vingine.

Nikarudisha kufuli kwenye sanduku tupu. Aliporudi na kikapu cha uyoga nilikuwa nimeshawasha moto. Tulikula vizuri sana.

Alhamisi, 18 Januari

Treni haikupita. Wanasema maji yamekula tuta la reli huko mbele. Mama mkubwa alikuwa anasema ataenda kutazama shamba lake Nzega kwa wiki moja, sasa haendi. Tumefungiwa na mvua mimi na yeye, kuku wawili kwenye tenga moja.

Ijumaa, 19 Januari

Vipande vya mama vinanisumbua. Vikikaa kwenye kapu vinaonekana kama uhalifu. Vikishonwa vitaonekana kazi. Nimeanza kuvipanga sakafuni chumbani kwangu, miraba miraba, bluu katikati, khanga pembeni, nyeusi ya misibani nimeikata mikanda ya kutenganisha. Rangi zinakubaliana kuliko walivyowahi kukubaliana ndugu zake.

Jumanne, 23 Januari

Nashona safu ya pili. Mama mkubwa ananiuliza kwa nini siku hizi cherehani iko chumbani. Nimesema varanda inavuja. Akatazama juu, kisha akatazama sakafu kavu.

Jumapili, 4 Februari

Kaniambia mbele ya Najiat kwamba mama alikufa na vidonda vya mgongoni. Uongo. Nilimgeuza usiku na mchana. Najiat akaona uso wangu, akasingizia vitumbua vinaungua.

Namchukia. Sijawahi kuliandika hilo neno juu ya mtu. Lina raha yake.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Amekuta.

Nilitoka kuanua nguo, mvua inakuja, nikasahau kurudishia mlango wa chumba. Niliporudi yumo ndani, na majivu yake ya kanisani bado yako kwenye paji. Amesimama juu ya shuka la viraka, ameliona lote. Bluu ya gauni iko pale pale katikati, mtu haulizi.

Nilishika fremu ya mlango nikangoja kelele. Nilikuwa nimezipanga kelele zangu pia, tangu mwezi wa kwanza.

Hakupiga kelele. Alijikunja taratibu akakaa sakafuni, akapitisha kiganja juu ya mishono. Akaufuata mmoja kwa kucha kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umezikata zote?"

"Zote."

"Hata koti la shemeji."

"Hata koti."

Akavuta pumzi. "Unashona vizuri, Levina. Mdogo wangu Adelina alikuwa anasema, mimi nikadhani ni mapenzi ya mzazi." Akageuza ncha akatazama upande wa chini, nyuzi zinaning'inia. "Lakini huku nyuma ni aibu. Kitu bila bitana ni tambara tu."

Akasimama kwa kushika goti langu, akatoka. Sijui amepanga nini.

Ijumaa, 16 Februari

Ameniletea lile shuka lake jipya. Amelitoa kwenye nailoni mbele yangu.

"Tia hili mgongoni. Jeupe, litatosha."

Nikasema, mama mkubwa, hilo ni lako.

"Nimekwambia tia."

Jumatatu, 26 Februari

Shuka limekuwa zito, cherehani inalivuta vibaya. Mama mkubwa anakaa upande wa pili anashikilia uzito wakati mimi nakanyaga. Leo alicheka peke yake, akasema yeye na mama walipokuwa wasichana walikuwa na gauni moja la kwendea kanisani, mmoja anaenda misa ya kwanza, anarudi mbio anamvulia mwenzake aende ya pili. "Adelina alikuwa anakimbia polepole makusudi," akasema. "Mimi nafika kanisani watu wanatoka."

Nilicheka. Halafu nikajikasirikia kwa kucheka.

Jumanne, 5 Machi

Hakuonja chai yangu leo.

Jumamosi, 16 Machi

Mahindi mabichi ya kwanza. Amenichagulia lenye punje zilizojaa. Sitaki kuandika kwamba labda nilimwonea, kwa hiyo naandika tu kwamba hindi lilikuwa tamu.

Najiat anasema mtu habadiliki akiwa na umri ule. Nimemwambia ana wivu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimemaliza pindo la mwisho. Tumelitandaza kitandani kwa mama, likafika pande zote nne. Kusema kweli sijawahi kushona kitu kizuri hivi. Mama mkubwa alizunguka kitanda chote akivuta hapa na pale, akilainisha.

"Sasa hii ni nguo," akasema.

Nilijivuna. Mungu anisamehe, nilijivuna kama mtoto aliyepewa daraja la kwanza.

Jumamosi, 20 Aprili

Msiba umeondolewa.

Wamekuja wote. Mjomba Mathias na fimbo yake, Hilari kutoka Igunga, mabinamu na wake zao. Baada ya sala na chakula mjomba akaomba ufunguo. Nikampa. Sanduku likafunguliwa, tupu, ila kiroba changu cha vipunguo nilichokitumbukiza jana ili kila kitu cha mama kiwe mahali pamoja. Wanawake wakaguna. Mke wa binamu mmoja akasema kwa sauti, "Zimeliwa."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama.

"Mjomba, shikamoo tena. Nguo hazijaliwa. Nilizikata mimi mwenyewe, zikawa matambara. Na wewe ulisema, tambara ni la aliyeuguza. Mama kauguzwa na mimi, hakuna anayebisha hapa."

Kukawa na kelele hapo. Hilari akashika kichwa. Binamu akasema mimi ni mchawi. Mjomba akagonga fimbo chini mpaka wakatulia.

"Nilisema hivyo," akasema. "Na sheria sitaigeuza kwa sababu nimekasirika. Yalete hayo matambara."

Hapa ndipo ningeleta kapu. Kama ningekuwa na kapu la vipande, vingekuwa vyangu hadi kipande cha mwisho. Lakini kapu sikuwa nalo. Nililokuwa nalo lilikuwa chumbani, limepigwa pasi, na nilitaka walione. Hilo ndilo lililoniua. Nilitaka walione.

Nikalileta nikalitandaza mkekani. Hata yule aliyeniita mchawi aliinama kutazama.

Mjomba akalizunguka. Akaingiza ncha ya fimbo chini ya pindo, akalifunua, akaona bitana nyeupe, safi, hakuna uzi unaoning'inia. Akalishika kwa vidole. Akalirusha begani kwake, likamfunika hadi kwenye viatu.

"Levina," akasema, "hili linamfunika mtu."

Sikuelewa mara moja. Nilitabasamu, nadhani.

"Yalikuwa matambara. Umeyashona. Sasa ni nguo, tena nzima kuliko zote alizowahi kuwa nazo marehemu. Nguo iko moja mkekani." Akalivua akalirudisha pale. "Getruda, wewe ndiye mkubwa. Chagua."

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama. Hakuharakisha. Alinitazama mimi, si shuka.

"Nachagua hiyo," akasema.

Basi. Binamu hawakupata hata leso. Hilari hakupata. Wamenilaumu mimi wote, na wana haki. Mama mkubwa alilikunja vizuri, kona kwa kona, jinsi tulivyokuwa tunalikunja pamoja kila jioni baada ya kazi.

Mjomba akachungulia sandukuni, akatoa kiroba, akakimimina mkekani. Mabaki ya khanga, nyuzi, upindo wa sketi, na mkono mmoja wa bluu.

"Haya ndiyo matambara," akasema. "Ni yako. Ulimuuguza vizuri, hakuna anayebisha."

Jumapili, 21 Aprili

Nimemfuata jikoni kabla ya misa. Nilitaka kujua tu.

"Ulipanga tangu lini?"

Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha. "Nilikuja kuchukua gauni moja. Wewe ukaamua nisipate kitu. Nikakwambia kwa mdomo wangu, bila bitana ni tambara tu. Mtoto mwenye akili angelitupa lile shuka langu nje. Ila nilikuwa nimekusifu kwanza, masikio yakaziba."

"Na habari za misa ya kwanza na ya pili? Ulitunga?"

Kisu kikasimama. "Zile ni kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana amekasirika hasa. "Kitambaa cha bluu nilinunua mimi, Nzega. Nilimletea Adelina tushone magauni mawili, kila mtu na lake. Akakupa wewe ujifunzie. Chote."

Nikachukua maji niliyosingizia nimeyafuata nikatoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imekatika. Ameondoka na treni ya asubuhi, mizigo minne. Nilimbebea mmoja hadi stesheni, ule wenye shuka, maana ndio uliokuwa mzito. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Akaongeza kwamba nimenenepa.

Bado simpendi. Nimejaribu njia nzima ya kurudi, imeshindikana.

Nimefagia varanda, nimerudisha cherehani mahali pake na kiti cha mama pembeni yake. Najiat kapita, kauliza kile kitambaa cha bluu kwenye kiroba nitakifanyia nini, kingetoka kishikio kizuri cha sufuria. Nimesema hicho hakikatwi. Alipoondoka nikauvaa mkono ule wa gauni juu ya blauzi yangu, wa kushoto peke yake, nikakaa kumenya karanga za mbegu. Unanibana kwenye kiwiko. Unatazama nyuma vile vile, na mtu wa tatu aliyepita barabarani alipoukodolea macho nikauinua, nikamwambia nimeushona mwenyewe.